Darasa la Zoom, Pesa ya Majani: Kabla Hujatuma, Soma Jina

Ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi saa mbili kasorobo usiku. Saa hiyo huku kwetu Bomet wengi wako jikoni, ugali uko motoni na simu iko kwenye chaji. Ulikuwa umeandikwa vizuri, hata koma zilikuwa mahali pake. Masomo ya marudio ya Kidato cha Nne kupitia Zoom yangeanza Jumatatu, wiki tatu za likizo ya Agosti, shilingi 1,500 kwa kila mwanafunzi. Nafasi ni chache. Mwalimu alikuwa amebadilisha laini, kwa hivyo wazazi watumie nambari hii mpya. Picha kwenye akaunti ilikuwa ya mwalimu wa hesabu mwenyewe, na tai yake ile ile ya bluu ambayo kila mzazi anaijua.

Jirani yetu mmoja alituma usiku huo huo. Sitamtaja jina, wala shule. Mama huyu ana bustani ya chai isiyofika ekari moja, na bintiye ndiye wa kwanza katika nyumba hiyo kufika Kidato cha Nne. Alipoweka ile nambari, jina likatokea kwenye skrini. Halikuwa la mwalimu. Lilikuwa la mwanamke.

"Mama, na hukushtuka?" nilimuuliza.

"Nilifikiri ni mke wake, mwanangu. Kwani walimu hawana wake?"

Jumatatu ikafika, linki haikuja. Jumanne mwalimu mwenyewe akapigiwa simu kwa ile laini yake ya zamani, akaipokea vizuri tu. Hakuwa amebadilisha chochote. Hakuwa hata na mpango wa Zoom.

Nimekumbuka kisa hiki kwa sababu kila likizo inapokaribia, maswali kuhusu madarasa ya mtandaoni huongezeka, na mengi ni ya mitambo: Zoom inawekwa vipi kwenye simu, kwa nini sauti inakatika, je, simu ndogo inaweza. Ni maswali mazuri. Lakini ukikaa na familia za Kericho na Bomet zilizojaribu kusomesha watoto kwa video, kilio chao kikubwa ni pesa iliyotoka kidogo kidogo bila mtu kujua ilikwenda wapi. Mia ya bando leo, hamsini kesho, elfu na mia tano kwa mtu wasiyemjua. Kwa hivyo makala hii itaongea juu ya darasa la video kama kitu cha bajeti ya nyumbani, kama vile mbolea na karo.

Puto angani, bando mfukoni

Tulianza kujua haya mwaka 2020. Tarehe 15 Machi Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule zote, na ndani ya siku chache watoto walikuwa nyumbani, wa bweni kwa wa kutwa. Mimi nilikuwa chuo kikuu, nikarudi na begi moja nikidhani ni wiki mbili. Masomo yalirudi kupitia Zoom, nami nikawa natembea hadi kwenye kilima kilicho nyuma ya kituo cha kuuzia majani, maana hapo ndipo netiweki ilikuwa na nguvu. Nilikuwa nakaa chini ya mti na mwavuli, mhadhiri anaongea, na wamama wanaopita na vikapu vya chai mgongoni wananiuliza kama niko sawa.

Wadogo zangu hawakuwa na Zoom. Walisikiliza vipindi vya redio na televisheni vilivyoandaliwa na Taasisi ya Kukuza Mitaala, KICD. Shule chache za kibinafsi zilijaribu video. Kisha Julai Waziri wa Elimu, George Magoha, akatangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umepotea na wanafunzi wa msingi na sekondari watarudia mwaka 2021.

Mwezi huo huo wa Julai kilitokea kitu ambacho wengi wa huku hawakujua kiko juu ya vichwa vyao. Kampuni ya Loon, iliyokuwa chini ya Alphabet wenye Google, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilizindua intaneti ya 4G kutoka kwa maputo. Yalikuwa kama 35, yakielea takriban kilomita 20 juu ya ardhi, yakihudumia eneo la karibu kilomita mraba 50,000, na Kericho na Bomet zilikuwa kwenye orodha hiyo pamoja na Narok, Nakuru, Kisii na kwingineko. Yaani kwa muda fulani mtoto wa mkulima wa chai alikuwa na mnara wa intaneti unaoelea mawinguni. Januari 2021 Alphabet ilitangaza kwamba inafunga mradi huo, na tarehe 1 Machi 2021 huduma ikakoma Kenya.

Nalileta hili kwa sababu moja. Hata wakati puto lilipokuwa juu, mtoto alihitaji laini ya Telkom, simu ya 4G na pesa ya bando. Mtandao ukifika mpaka mlangoni kwako na mfuko uwe mtupu, bado huingii darasani.

Kilichosaidia nyumba nyingi, na watu wameshakisahau, ni hatua ya Benki Kuu ya Kenya ya tarehe 16 Machi 2020. Ada ya kutuma pesa kwa simu iliondolewa kwa kiasi chochote hadi shilingi 1,000, na mpango huo ukaendelea hadi mwisho wa Disemba 2020. Kaka aliyeko Nairobi aliweza kutuma shilingi 100 ya bando nyumbani Bomet leo, na 100 nyingine keshokutwa, bila makato. Sasa makato yapo tena kwa kiasi kinachozidi shilingi 100. Kwa hivyo ile tabia ya kutuma pesa kidogo kidogo mara nyingi ambayo tuliizoea wakati ule, siku hizi inaweza kukugharimu. Kama unamsaidia mtoto wa dada yako masomo ya mtandaoni, tuma ya wiki nzima mara moja, au afadhali zaidi umnunulie bando moja kwa moja kwenye nambari yake. Faida ya pili ni kwamba bando haiwezi kugeuka kuwa sukari.

Darasa moja linakula majani kilo ngapi?

Tufanye hesabu pamoja. Chukua likizo ya wiki tatu, darasa moja kila siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, dakika 40 kila moja. Hizo dakika 40 sikuzitoa hewani, ndizo urefu wa kipindi cha sekondari. Halafu pia ndizo Zoom ya bure inazokupa mkutano wa kikundi kabla haujakatika; Google Meet ya bure huwapa watu watatu au zaidi dakika 60. Kwa hivyo mwalimu asikubali kuuziwa akaunti ya kulipia kama ana kipindi kimoja kwa siku. Vipindi 15 mara dakika 40 ni saa 10 kamili.

Saa moja ya Zoom ya kikundi, kamera zikiwa wazi, inaweza kula kuanzia kama MB 800 hadi zaidi ya GB 2, kutegemea ubora wa picha. Tuseme GB 1 kwa saa, tuhesabu kwa upole. Hiyo ni GB 10 kwa likizo. Kama unanunua GB 1 kwa shilingi 100 (bei hubadilika, angalia ya kampuni yako), umetumia shilingi 1,000. Na kama kiwanda chenu kinalipa malipo ya mwezi ya shilingi 25 kwa kilo, umechuna kilo 40 za majani mabichi, yale mawili na chipukizi, kwa ajili ya kuona nyuso za watoto wa watu kwenye skrini.

Sasa zima kamera zote. Mwalimu abaki na sauti, na aonyeshe ukurasa mmoja wa maandishi au picha ya daftari lake. Sauti peke yake haifiki MB 100 kwa saa. Ukiongeza ukurasa unaobadilika polepole, unaweza kubaki chini ya MB 150. Likizo nzima ni GB 1 na nusu. Shilingi 150. Kilo sita.

Kilo 40 au kilo sita, na hesabu ni ile ile ya logarithimu iliyofundishwa.

Lakini hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hulikosea. Wanamwambia mtoto azime kamera yake, halafu wanashangaa bando imeisha vile vile. Kamera yako ukiizima, umeokoa kile unachotuma. Unachopokea, yaani video za wengine ishirini, kinaendelea kushuka kwenye simu yako. Zoom ina sehemu ya kusimamisha video zinazoingia, na mtoto aonyeshwe ilipo. La maana zaidi, huu uwe uamuzi wa mwalimu kwa darasa zima. Siku ya kwanza aseme: salamu kwa kamera dakika mbili, tuonane, kisha wote tunazima. Mwalimu anayesema hivyo amewapunguzia wazazi gharama bila kutoa senti yake.

Na ukague simu yenyewe. Mara nyingi bando ya darasa huliwa na video za kundi la familia zinazojishusha zenyewe kwenye WhatsApp, au na programu zinazojisasisha usiku. Washa Kiokoa Data kwenye mipangilio ya Android. Nunua bando dakika chache kabla ya darasa, isiwe asubuhi. Kama kampuni yako ina bando isiyoisha muda, hiyo ndiyo inafaa zaidi kwa darasa la MB 100 kwa siku, kwa sababu ile ya saa 24 itaisha ikiwa imejaa.

Neno moja juu ya mkopo wa simu. Fuliza na nduguze wana kazi yao. Mtoto akiwa mgonjwa usiku hutauliza maswali. Lakini kununua bando ya darasa kila siku kwa Fuliza ni kununua bando kwa bei ambayo huioni, kwa sababu ada inaendelea kuhesabiwa mpaka ulipe. Ukiona wiki imeisha na bando tano zote ni za Fuliza, afadhali mtoto ahudhurie siku tatu na kunakili maandishi ya zile mbili kutoka kwa mwenzake.

Mvua ya saa tisa

Mtu aliyepanga ratiba ya mtandaoni akiwa Nairobi huweka somo saa nane au saa tisa mchana. Kwa nini isiwe hivyo? Lakini ukiwa Kericho, saa tisa ni saa ya mvua, na mara nyingi mvua ya mawe. Mabati yanapiga kelele hadi hata mtu aliye mkono wako wa kulia humsikii. Stima ikiamua kwenda, inakwenda saa hiyo. Na hata kukiwa kukavu, alasiri ndiyo wakati majani yanapelekwa kituoni kupimwa kabla lori la kiwanda halijapita. Baba yuko kwenye foleni ya mizani, na simu yenye 4G, ile moja ya nyumba, iko mfukoni mwake kwa sababu ndiyo anayopigiwa lori likichelewa.

Asubuhi nayo ni ya kuchuna na ya maziwa. Watoto wakubwa wako shambani na wazazi wao likizo. Tukubaliane, hilo halitabadilika kwa sababu kuna Zoom.

Walimu niliowaona wakifanikiwa huku waliuliza swali moja kwanza: simu inarudi nyumbani saa ngapi? Jibu lilikuwa karibu lile lile kila mahali, saa moja jioni. Kwa hivyo darasa likawa saa moja na nusu hadi saa mbili na dakika kumi, baada ya ng'ombe na kabla ya chakula. Mwalimu mmoja upande wa Litein alikuwa anatuma picha za ukurasa wa siku hiyo kwenye WhatsApp mchana, ili hata asiyeweza kuingia awe nazo, na baada ya darasa anarekodi sauti ya dakika tatu akieleza pale palipokuwa pagumu. Watoto wawili katika kundi lake hawakuwahi kuingia kwenye video hata siku moja. Walisoma kwa zile picha na zile sauti, wakatuma majibu yao kwa picha. Akawahesabu kama wamehudhuria. Kwangu mimi huyo alikuwa anajua kazi.

Akawa pia na mazoea ya mlango. Linki haiwekwi kwenye Facebook wala kwenye kundi la kijiji. Kila anayeingia anakaa kwanza kwenye chumba cha kusubiri mpaka mwalimu amwite, na lazima aingie na jina linalojulikana. Mwaka 2020 watu wasiojulikana waliingia kwenye madarasa sehemu nyingi duniani na kuonyesha watoto uchafu, mpaka Aprili Zoom ikaanza kuweka nenosiri na chumba cha kusubiri bila hata kuulizwa. Ukiona mwalimu anachelewesha mtoto wako mlangoni kwa dakika moja, usikasirike.

Nani hasa anastahili kulipwa?

Hapa ndipo turudi kwa yule mama na shilingi zake 1,500, ambazo kwa hesabu yetu ni kilo 60 za majani.

Jambo la kwanza ni la kisheria na wazazi wengi hawalijui. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 37, inasema mwanafunzi hatalazimishwa kusoma tuisheni ya likizo. Anayevunja kifungu hicho anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kwa hivyo ujumbe unaosema "lipa ada ya Zoom la sivyo mtoto hatapokelewa shule ikifunguliwa" una kasoro hata kama umetoka kwa mtu wa kweli. Mzazi akiamua mwenyewe kumtafutia mtoto wake mwalimu wa kumsaidia, hayo ni mapatano yenu. Lakini hofu isiwe ndiyo inabonyeza simu yako.

Jambo la pili ni nambari. Pesa ya shule hulipwa kwa nambari ya Paybill ya shule yenyewe, ile iliyo kwenye barua ya kujiunga au kwenye muundo wa karo, na nambari ya akaunti ikiwa ni nambari ya usajili ya mtoto. Ukilipa hivyo kuna rekodi, na mhasibu anaiona. Mwalimu wa kibinafsi anaweza kuwa na nambari ya Till, na jina la biashara hutokea. Nambari ya mtu binafsi ndiyo njia dhaifu kuliko zote, na ndiyo wezi wanaipenda. Ikilazimu kuitumia, mpigie mwalimu simu. Mpigie kwa ile nambari uliyokuwa nayo mwaka jana, si ile iliyotoka kwenye ujumbe. Usimtumie SMS wala WhatsApp, msikie sauti. Shilingi tatu za maongezi zingeokoa 1,500.

Na jina. Kabla pesa haijaondoka, simu inakuonyesha jina la anayepokea. Watu hulipita kama vile mtu anavyopita bango barabarani. Simama hapo. Lisome kwa sauti kama uko na mtu. Likiwa si lile unalolitarajia, usilitungie hadithi. Si mke wake, si karani, si "laini imesajiliwa kwa jina la dada". Inawezekana kweli ni hivyo, lakini acha mwalimu akuambie mwenyewe kwa simu, kisha ndipo utume.

Angalia pia maneno yenyewe. "Nimebadilisha laini." "Nafasi ni chache." "Leo ndiyo mwisho." Ada inayotajwa usiku na kufungwa asubuhi. Picha ya akaunti haithibitishi chochote, kila mtu anaweza kuichukua picha ya tai ya bluu kutoka kwenye kundi. Na kama kuna linki ya kubonyeza ambayo inakuomba nambari ya siri ya pesa ili "kusajili mtoto", funga hapo hapo. Zoom haihitaji PIN yako. Google haihitaji PIN yako. Sisi pia hatutaiuliza kamwe, wala hatumtumi mtu akuulize.

Pesa imeshaenda. Sasa?

Fanya haraka, kabla hujampigia shemeji kulalamika. Kama ulitumia M-PESA, ule ujumbe wote wa uthibitisho utume kwenda 456, uombe muamala urudishwe. Wa mitandao mingine, piga simu kwa huduma ya wateja ya kampuni yako papo hapo. Kama pesa bado iko kwenye akaunti ya aliyepokea, kuna nafasi ya kuizuia. Ikishatolewa kwa ajenti, au ikipitishwa kwa laini nyingine, kazi inakuwa ngumu sana, na mwizi anajua hivyo. Ndiyo maana anakaa karibu na ajenti.

Tofautisha mambo mawili unapoeleza. Kukosea tarakimu moja ukatumia mtu asiyehusika ni kosa, na mara nyingi hutatuliwa. Kudanganywa ukatuma kwa hiari yako ni ulaghai, na huo upeleke pia kituo cha polisi upewe nambari ya OB. Usifute ujumbe. Usitoke kwenye kundi kwa hasira, maana ushahidi uko humo. SMS za ulaghai kwenye laini ya Safaricom zinaweza kutumwa kwenda 333 bila malipo. Na jihadhari na mtu wa pili: siku moja au mbili baadaye anaweza kupiga mwingine akijifanya wa huduma kwa wateja, eti anakusaidia kurudisha pesa, akitaka PIN. Ameshajua uko kwenye majonzi. Safaricom wakikupigia, hutumia 0722 000 000 peke yake.

Mwishowe, waambie wenzako. Najua hili ni gumu. Mama yule alikaa kimya siku mbili kwa aibu, na katika siku hizo mbili wazazi wengine wanne walituma. Alipoongea ndipo wakajua, na mmoja wa hao wanne, aliyetuma dakika ishirini tu kabla, akapata pesa yake.

Yeye hakupata. Ilikuwa imeshatolewa usiku ule ule.

Kilichofuata ndicho kilinifurahisha. Mwalimu wa hesabu, baada ya kuona jina lake limetumiwa kuwaibia watu, aliitisha kikao cha wazazi Jumamosi, nyuma ya kanisa. Wakakubaliana: darasa litakuwepo, la sauti na picha ya daftari, saa moja na nusu jioni, siku nne kwa wiki. Yeye hatalipwa chochote. Wazazi watachanga shilingi 50 kwa wiki za bando yake. Mweka hazina ni kogo mmoja aliyestaafu ualimu, na jina lake kamili likaandikwa kwenye karatasi wote wakapiga picha, ili likitokea kwenye simu mtu alilinganishe herufi kwa herufi. Kila Ijumaa kogo anasoma kwenye kundi, kwa sauti iliyorekodiwa, nani ametoa na nani bado, halafu anamalizia na kongoi. Hakuna anayetaka kusikia jina lake kwenye "bado".

Binti alihudhuria vipindi kumi kati ya kumi na viwili. Vile viwili mvua ilikata stima na simu ikazimika. Mama yake aliniambia sasa akituma pesa, hata ya mkaa, anampa binti simu asome jina kwanza. "Yeye ndiye nasomesha," akasema, "acha afanye kazi."